Nani, Lini, Ngapi: Kiingereza cha Kwenye Faili la Mgonjwa

Barua ya rufaa katika hospitali za Tanzania kwa kawaida huandikwa kwa Kiingereza. Mama aliyeeleza maumivu yake kwa Kiha kijijini Kasulu, akahojiwa kwa Kiswahili kwenye kituo cha afya, anaweza kufikishwa Hospitali ya Maweni mjini Kigoma, karibu kilomita 100 kutoka Kasulu mjini, akiwa na karatasi ambayo yeye na ndugu aliyemsindikiza hawaisomi. Anayetoka Kibondo husafiri zaidi ya kilomita 200. Kadi yake ya kliniki imechapishwa kwa Kiswahili, na rejesta za MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, zinazojazwa kila siku zina vichwa vya Kiswahili. Lakini maelezo ya daktari kwenye faili, ripoti ya upasuaji, barua ya rufaa na makala ya utafiti ni Kiingereza, lugha ambayo wengi wa wanaoiandika walianza kusomea walipoingia kidato cha kwanza.

Makosa ya sarufi katika maandishi hayo hayana uzito mmoja. Anayeandika "Patient come with fever" amekosea, ila hakuna atakayetibiwa vibaya kwa sababu hiyo. Makosa ya kuogopwa ni yale yanayohamisha habari: aliyetapika akawa mtu mwingine, homa ya juzi ikawa ya leo, kilichopungua kwa tano kikawa kimefika tano. Mengi ya aina hii yana asili moja. Kiswahili, kama Kiha na lugha nyingine za Kibantu, hufungasha habari za nani na lini ndani ya kitenzi. Mkunga anayesema "hajajifungua" ametaja kwa neno moja mtu, ukanushi, wakati na tendo. Kiingereza kinataka maneno matano: "She has not yet delivered." Kila neno dogo limesimama peke yake, na katika zamu ya usiku yenye wazazi sita, neno dogo ndilo linalorukwa. Likirukwa "yet", barua haijaharibika. Likirukwa "not", mama anafika Maweni akiwa, kwa mujibu wa karatasi, amekwisha kujifungua.

La kwanza la kuangaliwa, basi, ni nani. Kiambishi "a-" hakina jinsia. Mwanamume, mwanamke na mtoto mchanga wote wanaingia humo. Kiingereza kinagawa "he" na "she", na anayefikiri kwa Kiswahili huzichanganya hata kama kanuni anaijua, kwa sababu lugha yake haikumzoeza kujiuliza swali hilo kila anapofungua sentensi. Katika wodi ya wanaume kosa hili ni la kuchekesha tu. Katika wodi ya wazazi faili moja lina wagonjwa wawili. "The mother came with her baby and she had fever" ni sentensi iliyonyooka kisarufi, lakini mtoto akiwa wa kike, homa hiyo haina mwenyewe.

Dawa yake ni kurudia nomino: "the mother" pale anapohusika mama, "the baby" pale anapohusika mtoto, hata kama maneno hayo yatatokea mara tano katika aya moja. Wanafunzi wengi walifunzwa shuleni kwamba kurudia neno kunaichosha insha, na wakakatwa alama. Uandishi wa kitabibu unataka kinyume chake. Aliyeitwa "patient" mstari wa kwanza abaki "patient" hadi sahihi ya daktari. Asigeuke "client", kisha "case", kisha "subject", maana msomaji wa mbali atahesabu watu wanne. Tena "case" ni tukio la ugonjwa, si binadamu. Vivyo hivyo, kinachotambuliwa ni ugonjwa: malaria ndiyo inayokuwa "diagnosed", ingawa wengi, hata Waingereza wenyewe, humtaja mgonjwa badala yake.

Kitenzi "deliver" kina mtego wake. Kiswahili kinatenga kujifungua, ambayo ni kazi ya mama, na kuzalisha, ambayo ni kazi ya mkunga. Kiingereza kimezirundika pamoja. "She delivered three babies last night" kwa kawaida ni habari ya mkunga, isipokuwa kama usiku huo walizaliwa mapacha watatu. Palipo na shaka, mwenye tendo atajwe kwa cheo chake: "the midwife" au "the mother".

Kuna pia vihusishi ambavyo Kiswahili hakivihitaji kwa sababu kazi yao inafanywa ndani ya kitenzi. Daktari alimpasua mgonjwa: "-m-" imekwisha kuonyesha nani aliyepasuliwa. Ndipo inapoandikwa "The doctor operated the patient", na kwa Kiingereza kinachoendeshwa hivyo ni mashine au gari. Inatakiwa "operated on". Kumsikiliza mgonjwa ni "listen to", kumngojea ni "wait for". Upande wa pili, mazoea ya kusema "kujadili kuhusu" huzaa "discuss about", ambapo Kiingereza hakitaki kihusishi chochote. Neno "kwa" ndilo linalosumbua zaidi, maana peke yake linabeba "with", "by", "for" na "to". Mgonjwa hutibiwa "with" dawa, "by" tabibu, "for" ugonjwa. Anayeandika kwamba mtoto alitibiwa "by quinine" ameifanya kwinini iwe mtumishi wa idara ya afya.

Kosa jingine la nani hutokea mwanzoni mwa sentensi. "After vomiting twice, the nurse gave the child ORS." Kwa sarufi ya Kiingereza, kirai kisichotaja mtenda hushikamana na kiima kinachofuata, na hapa aliyetapika ni nesi. Kiswahili hakina kinga dhidi ya jambo hili. "Baada ya kutapika mara mbili, muuguzi alimpa mtoto maji ya chumvi na sukari" ina ugonjwa huohuo, ila wasikilizaji husamehe. Katika ripoti ya upasuaji utakutana na "Opening the abdomen, the uterus was ruptured", kana kwamba mji wa mimba ndio ulioshika kisu. Inatosha kumrudisha mtenda mahali pake: "After the child had vomited twice", "When the surgeon opened the abdomen".

Kauli ya kutendwa imelaumiwa kupita kiasi katika vitabu vya Kiingereza. Kiswahili kinaipenda, nayo hospitali inaihitaji: "Oxytocin was given at 04:10" inatosha pale ambapo sahihi ya aliyechoma sindano iko pembeni. Inaharibu pale inapomficha aliyeamua. Kigoma ina historia inayoonyesha kwa nini. Godfrey Mbaruku, daktari wa magonjwa ya wanawake na uzazi aliyefanya kazi katika hospitali ya mkoa huo, alichunguza kumbukumbu za vifo vya wazazi vya miaka ya 1984 hadi 1986 na kukuta upungufu mkubwa katika uandikishaji wake. Kuanzia 1987 hadi 1991 ukaendeshwa mpango wa hatua 22, nyingi zikiwa za gharama ndogo: vikao vya mara kwa mara vya kupitia utendaji, mafunzo kazini, matunzo ya vifaa, upatikanaji wa damu, utaratibu wa rufaa. Uwiano wa vifo vya uzazi ulishuka kutoka 933 hadi 186 kwa kila vizazi hai 100,000. Matokeo hayo aliyachapisha pamoja na Staffan Bergström mwaka 1995 katika jarida la Health Policy and Planning, kwa Kiingereza.

Kikao cha namna hiyo, kikipitia kifo cha mzazi, huuliza nani alimwona, saa ngapi, na akaamua nini. Faili lenye "It was decided to wait" na "Blood was ordered" halisemi nani wala saa ngapi, na kosa si la sarufi, kwa maana sentensi zote mbili ni sahihi. Hili ndilo eneo ambako walimu wa sarufi na wahudumu wa wodini huachana njia: sentensi isiyo na doa inaweza kuwa mbaya kuliko iliyovunjika, na "Dr on call decide to wait 02:00" ina manufaa zaidi. Majarida mengi ya kitabibu siku hizi yanakubali waandishi wajitaje kwa "we" pale wanapoeleza walichokiamua na walichokifanya.

Baada ya nani huja lini. Kiambishi "-na-" kinabeba mambo mawili ambayo Kiingereza huyatenga. Ndugu akisema "anadegedeka", huenda anamaanisha kwamba mgonjwa yuko kwenye degedege dakika hii, au kwamba hupatwa nalo mara kwa mara. "She is convulsing" ni dharura. "She convulses" ni tabia ya mwili, pengine kifafa cha miaka mingi. Kwa mjamzito tofauti hiyo inaweza kusaidia kutenga kifafa cha mimba na kifafa cha kawaida. Anayeandika lazima arudi kumuuliza ndugu. Sarufi ya Kiingereza imemlazimisha kupata habari ambayo Kiswahili kilimruhusu kuiacha wazi, na hapo inamsaidia.

"-me-" nayo hupelekea "has been admitted yesterday". Kiingereza hakikubali umbo hilo likae na siku iliyotajwa na kupita: aliyelazwa jana "was admitted yesterday". Kosa lililoenea sana katika historia za wagonjwa ni "having fever since three days", ambalo limefuata nyayo za "ana homa tangu siku tatu". Neno "since" linataka mwanzo, kama "since Monday". Muda unataka "for", na kitenzi kiwe "has had". Wazungumzaji wa Kihindi nao hulifanya kosa hilohilo. Halimdhuru mgonjwa, lakini ni miongoni mwa ya kwanza kugunduliwa na mhariri wa jarida.

Kwa makala ya utafiti kanuni ni fupi. Yaliyofanywa na yaliyoonekana huandikwa kwa wakati uliopita; yanayojulikana kuwa kweli kila siku, kama kwamba mbu aina ya anofelesi husambaza malaria, kwa wakati uliopo.

Saa inahitaji maneno zaidi, ingawa si sarufi kwa maana finyu. Mama akisema uchungu ulianza saa mbili usiku, anamaanisha 20:00. Tafsiri ya haraka inakuwa "2 at night", yaani 02:00, na saa sita zinapotea. Katika patografu iliyozoeleka, yaani chati ya kufuatilia uchungu wa kuzaa, mstari wa tahadhari na mstari wa kuchukua hatua imetenganishwa na saa nne. Kosa la saa sita linatosha kumvusha mama mstari mzima, ama kumwonyesha kuwa bado ana muda ambao kwa kweli umekwisha. Kuandika kwa saa 24 huondoa utata wote, mradi mwandishi ageuze saa kichwani kabla ya kugusa kalamu, si baadaye anaponakili.

Katika nyanda hizi kuna lugha ya nne. Kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa wakimbizi wa Kongo, na Nduta wilayani Kibondo ilipokea Warundi wengi waliokimbia kuanzia mwaka 2015. Muuguzi Muha hana taabu na Kirundi, kwa kuwa lugha hizo ni ndugu wa karibu mno. Taabu huanza maneno yanapovuka kwenda Kiingereza. Kirundi kina neno "ejo" ambalo ni jana na pia kesho. Kinachotofautisha ni kitenzi kilichoandamana nalo. Mkalimani aliyechoka akishika neno na kuachia kitenzi, ahadi ya kurudi kliniki kesho inageuka kuwa mahudhurio ya jana.

Mkondo huohuo wa ukalimani ndio unaoleta hatari ya ndiyo na hapana. Mgonjwa akiulizwa "Hujatapika?" akajibu "Ndiyo", amekubaliana na muulizaji: ndiyo, sijatapika. Mwingereza akiulizwa "You haven't vomited?" akajibu "Yes", kwa kawaida ataeleweka kuwa ametapika. Jibu la Kiswahili likihamishwa neno kwa neno, faili linapata "Vomiting: yes" kwa mtu ambaye hajatapika. Ni kheri swali liulizwe bila ukanushi, "Umetapika?", na jibu liandikwe kwa sentensi nzima: "She has not vomited."

Ngapi ndilo swali la tatu. Namba zenyewe ni salama. Vinavyoziharibu ni vihusishi viwili, "to" na "by". Takwimu za Kigoma zinatoa mfano mzuri. Uwiano wa vifo vya uzazi "fell to 186", ulifika hapo. Ulipungua kwa 747, yaani "fell by 747", karibu asilimia 80. Anayeandika "fell by 186" ameacha vifo 747 pale vilipobaki 186, na kazi ya miaka mitano imepunjwa. Wodini ni vivyo hivyo: wingi wa damu ulioshuka "by 5" kutoka 11 umebaki 6, ulioshuka "to 5" unatisha zaidi. Kiswahili kinayo tofauti hii katika "kwa" na "hadi", kwa hiyo kosa hapa ni la haraka kuliko la lugha.

Wingi wa nomino ni kero ndogo lakini ya kila ukurasa. Vifaa na taarifa vinahesabika kwa Kiswahili, hivyo huandikwa "equipments" na "informations", na pia "advices", "researches" na "evidences". Kiingereza kinayachukulia maneno hayo kama maji: hayaongezewi "s". "Staff" ya hospitali moja ni "staff", wawe watano au mia. Kwa upande mwingine, maneno ya Kilatini na Kigiriki yana wingi wake usiofanana na mwingine wowote: "diagnosis" moja, "diagnoses" nyingi, "criterion" na "criteria", "bacterium" na "bacteria". Jambo la kustaajabisha ni kwamba upatanisho wa kitenzi huwashinda watu waliokua na ngeli. Mtoto wa Kibondo asiyefika darasa la kwanza hakosei "viti vimevunjika" na "mti umevunjika", lakini mtu mzima huandika "the results shows". Pengine ni kwa sababu Kiingereza kina upatanisho kidogo mno kiasi kwamba hausikiki. "S" moja mwishoni mwa kitenzi haina sauti ya kutosha kwa sikio lililozoea "vi-vi" na "m-u".

Vineno "a" na "the" havina mwenzake katika Kiswahili, na katika maelezo mafupi ya faili hata wazawa wa Kiingereza huviacha. Kwenye barua na makala virudi, hasa pale "a patient" anapotajwa mara ya kwanza na "the patient" anapotajwa tena. Mkato unastahili uangalifu zaidi. "The women who bled were transferred" inasema waliovuja damu ndio waliohamishwa, wengine wakabaki. "The women, who bled, were transferred" inasema wote walivuja damu na wote walihamishwa. Msongamano wa nomino, kama "refugee camp child malaria treatment records", hufumbuliwa kwa "-a" ya Kiswahili: kumbukumbu za nini, za nani, za wapi? Ukishapata majibu, yaandikwe kwa "of", "for" na "in", na sentensi iongezeke urefu bila wasiwasi.

Viungo vya mwili navyo si vya sarufi, lakini vinaingia kwenye kalamu ileile. Mkono ni "arm" na pia "hand". Mguu ni "leg" na "foot". Kidole ni "finger" na "toe". Rufaa isemayo "fracture of the hand" kwa mtu aliyevunjika juu ya kiwiko itamwandaa daktari wa mifupa kwa kazi nyingine. Tumbo linaweza kuwa "stomach", "abdomen" au hata mji wa mimba katika mazungumzo ya adabu, na salama yake ni kuandika "abdominal pain" pamoja na upande.

Vifupisho ni vya mwisho, na katika barua za rufaa ndivyo vingi kuliko sentensi. Katika leba "PE" ni "pre-eclampsia". Katika wodi ya kawaida ni "pulmonary embolism", damu iliyoganda kwenye mapafu. Kwa aliyeandika historia ya mgonjwa ni "physical examination", uchunguzi wa mwili. Barua inatoka wodi moja na kusomwa katika nyingine, kwa hiyo neno liandikwe kwa ukamilifu mara ya kwanza, hata kama mwandishi na wenzake wa zamu hawana shaka nalo. "U" inayosimama badala ya "units" husomeka kama sifuri, na insulini ya 4 ikawa 40. Sifuri yenyewe ina kanuni mbili: iwekwe kabla ya nukta, 0.5 mg, wala isiwekwe baada yake, kwa sababu 1.0 mg kwenye karatasi iliyokunjwa mfukoni tangu Kibondo, nukta ikishafutika kwa jasho na vumbi, ni 10.